Salamu kwa Mnunuzi wa Dengu

Kuna mnunuzi wa Mwanza ninayemwombea heri kila siku, ingawa kwa aibu niliyoipata mtanicheka tu.

Siku hizi soko ni huria, kila mtu anajitafutia mteja. Dengu za shangazi zilikuwa zimeanza kuingiwa na wadudu stoo. Mimi msomi wa familia nikatumwa kumwandikia mnunuzi huyo barua pepe.

Kwenye chumba cha intaneti hapa Bariadi niliwaza mno. Kwetu Usukumani huanzi na shida yako. Unasalimia, unajibiwa, ndipo unasema. Basi nikauliza habari za nyumbani, mvua na ng'ombe, nikatuma, nikasubiri.

Shangazi hakuchoka kuuliza, "Amesema bei gani?"

"Bado, shangazi."

Jibu lilipofika, dada mhudumu wa pale akatusomea mimi na shangazi kwa sauti, likianza na salamu ya Kisukuma: "Mwadila, mwanangu. Sote wazima, hata ng'ombe. Wengine hunirushia bei tu, wewe umenisalimia. Nitaanza kununua kwako. Ila unauza nini?"

Nilishusha pumzi, nikamshukuru Mungu. Shangazi akanigeukia taratibu.

"Digrii yote hiyo, na dengu hukuzitaja?"