Rangi Isiyo na Vitanda

Mtaa mzima ulimwita Mama Friji, kwa kuwa hakuna jokofu lililomshinda kulifufua. Karakana yake ilikuwa chini. Juu kulikuwa na vyumba viwili alivyokaa na mumewe, mwashi, pamoja na binti yao mdogo. Kazi ikipungua, alifungua kompyuta akacheza mchezo wa kujenga miji. Mchezo ulikuwa na maeneo ya makazi, ya biashara na ya viwanda, basi. Watengenezaji walipoomba mawazo mapya, alichangamka. Aliwaandikia: wekeni eneo la kelele, wachomelea vyuma na wapiga muziki wakae huko, wengine tupumue. Wekeni eneo la wazee, honi marufuku. La tatu ndilo alilolipenda kupita yote: eneo la mafundi, mtu afanye kazi chini na alale juu.

Hilo la tatu hata hajalimaliza, akasikia brashi ikikwaruza ukuta wa nje. Alitoka, akakuta wanaume wawili wenye vizibao vya kung'aa, na ukutani alama ya X nyekundu, rangi ikichuruzika.

"Jamani, mnaniandikia nini?"

"Tumetumwa tu, mama. Ulizia ofisi ya mipango miji."

Aliijua X hiyo: nyumba ya kubomolewa. Tangu hapo kila lori lililopita lilimtoa mbio mpaka mlangoni, bisibisi mkononi. Mumewe alijaribu utani: "Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, watachoka wao kuibomoa." Lakini alikuwa ameshaanza kuhamishia vyombo kwa dada yake, kimyakimya.

Ofisini, ofisa alimtandazia Mama Friji ramani. Safu yao ya nyumba ilipakwa zambarau.

"Hapa ni viwanda vidogo, mama. Karakana ruksa, makazi hapana."

"Kwa hiyo majokofu yalale, sisi tusilale?"

Ofisa alicheka, halafu akaacha. "Njoo kwenye kikao cha kujadili mpango huu, useme hivyo hivyo."

Kikaoni alisimama. Aliyasema yale yale aliyowaandikia watu wa mchezo, sauti ikikatikakatika, macho ameyaelekeza sakafuni. Uamuzi ukatoka: waliopo wabaki kwa sasa, mpango utatazamwa upya mwakani, na alama zisifutwe. Majirani walishangilia. Yeye alisikia neno moja tu, mwakani.

Watu wa mchezo nao walijibu. Eneo la kelele wamelichukua, wakamshukuru sana. La mafundi, walisema, lingewachanganya wachezaji.

Jumapili moja mchana alimkuta binti yake amejilaza kitandani na viatu miguuni, kamba zimekazwa.

"Mwanangu, vua viatu ulale vizuri."

"Hapana, mama. Wakija, nisikucheleweshe."

Mama Friji alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kumwambia hawatakuja. Akamlegezea kamba kidogo, zisimbane, akamwacha alale.