Mama Funguo na Nguzo Sita za Mzinga

Siku notisi nyekundu ilipobandikwa mlangoni, Mama Funguo alikuwa amepiga magoti ghorofa ya tatu, anasugua sakafu ya terazo. Sauti ya fundi saa, mpangaji mwenye kibanda kati ya nguzo, ikapanda kutoka chini.

"Mama Funguo! Shuka uone! Tumekwisha!"

Alishuka mbio kwa ile ngazi ya kuzunguka, matambara bado yako mkononi. Maneno ya notisi yalikuwa machache. Jengo ni hatari kwa maisha ya watu. Wapangaji wahame ndani ya siku thelathini. Baada ya hapo litabomolewa.

Mama Funguo aliisoma mara mbili, kisha akaigusa kwa kidole. Gundi ilikuwa bado mbichi.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Katika hiyo, ishirini na minane aliimalizia ndani ya jengo lile. Alikuja kushika nafasi ya mfagiaji aliyekwenda kujifungua, wiki sita tu, akaambiwa. Mfagiaji hakurudi. Wiki sita zikazaa miaka, ufagio ukazaa funguo, mpaka mwanamke aliyeletwa kudeki ngazi akawa mtunza jengo, mwenye kujua kitasa kipi kinataka kusukumwa na kipi kinataka kubembelezwa.

Watu waliliita jengo lile Mzinga. Lilikuwa na ghorofa saba za zege tupu, limesimama juu ya nguzo sita nene, chini pakiachwa wazi ili mpita njia akate kivulini kutoka barabara moja hadi nyingine. Upande wa machweo haukuwa na ukuta, ulikuwa na matofali ya matundu kutoka chini hadi juu, kama masega ya nyuki. Saa tisa mchana, majengo ya vioo ya jirani yakinguruma kwa viyoyozi, Mzinga ulikuwa unajipumulia wenyewe. Waliolijenga walikuwa kizazi cha wazazi wake, watu walioamini kwamba mji mpya unataka sura mpya, na wakaimimina ile imani ndani ya zege. Mtaani pale majengo ya rika lake yalikuwa matatu. Moja sasa lilikuwa maegesho ya magari. La pili lilikuwa uzio wa mabati wenye picha ya mnara wa vioo. Mzinga ulikuwa umebaki peke yake.

Siku ya tatu alikuja msanifu majengo, binti mwembamba aliyefundisha chuoni na aliyezoea kuleta wanafunzi wake kuchora ile ngazi. Alikuwa na nakala ya ripoti iliyozaa notisi. Wapangaji wakamzunguka kwa fundi saa: daktari wa meno, wakili, mama wa cherehani. Akasoma kwa sauti.

"Sampuli sita za zege zilitobolewa katika nguzo sita, kwenye chumba cha chini ya ardhi, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Zege limechoka na linamomonyoka mkononi."

"Rudia hapo," Mama Funguo alisema. "Chumba cha chini ya ardhi? Handakini kwetu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mwezi wa tatu wote handaki lilikuwa limejaa maji. Pampu ilikufa mwezi wa pili, ikafufuka wa nne. Mimi mwenyewe niliingia, maji yakanifika kifuani. Huyo aliyetoboa alikuwa nani, kambare?"

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu notisi. Lakini msanifu hakucheka. Alimkazia macho. "Mama, unaweza kulithibitisha hilo?"

Angeweza. Kila aliyechukua ufunguo Mzinga alitia sahihi kwenye daftari, awe fundi bomba, awe mwenye jengo mwenyewe. Mama Funguo akaingia kibandani kwake, akavuta daftari la zamani, akafungua mwezi wa tatu. Tarehe kumi na nne ufunguo wa handaki haukutoka. Uliotoka ni ufunguo wa paa. Na pembeni yake palikuwa na sahihi aliyoifahamu tangu ilipokuwa inajifunza kusimama kwenye mstari.

Alilifunga daftari kama mtu aliyefunua chungu akamkuta nyoka.

"Vipi?" msanifu aliuliza mlangoni.

"Bado natafuta," alisema.

Sahihi ile ilikuwa ya mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Mama Funguo ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamsimamia hadi akamaliza chuo cha ufundi na kuajiriwa kwenye maabara ya kupima vifaa vya ujenzi. Sasa aliikumbuka siku ile yote. Alikuja na mashine yake ya kutoboa, wakataniana kidogo, akapanda juu. Alisema anatoboa kibanda cha tenki la maji. Kibanda kile si cha waliojenga Mzinga. Kilibandikwa paani miaka mingi baadaye na mkandarasi aliyechanganya mchanga na mchanga mwenzake. Ukikikuna kwa ukucha, kinadondoka. Mama Funguo alidhani wanataka kukiondoa, akafurahi.

Kesho yake alimfuata nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Wifi yake alimkaribisha kwa bashasha, kisha akaona nyuso zao, akaondoka kimya kwenda jikoni.

"Mwezi wa tatu ulitoboa wapi?" Mama Funguo aliuliza, hata hajakaa vizuri.

Mdogo wake aliweka kijiko chini. "Dada, kazi za watu hizo."

"Nakuuliza wewe."

"Nilitoboa nilipoambiwa na mhandisi wetu nitoboe. Paani. Nikampelekea sampuli ndani ya mfuko. Lebo sikuandika mimi. Ripoti sikuandika mimi."

"Lakini ulipoiona ripoti ulijua."

Alisukuma sahani pembeni.

"Niliijua baadaye," alisema. "Nikaenda kumuuliza. Akaniambia nina watoto wadogo, nifunge domo. Dada, wewe na mimi tumenyonya ziwa moja. Ukilitoa lile daftari, hatafukuzwa mhandisi. Nitafukuzwa mimi. Dagaa ndio hubaki wavuni."

"Na wale wapangaji?"

"Watapata vyumba kwingine. Lile ni zege tu, dada. Zege!"

Aliondoka bila kuaga. Njiani aliwaza kwamba mdogo wake amesema kweli juu ya dagaa, na kwamba kusema kweli juu ya dagaa hakuifanyi ripoti iwe ya kweli. Alifikiria kulichoma daftari. Alifikiria kulipeleka kwa msanifu saa ile ile. Hakufanya lolote, na siku zikawa zinakatika.

Siku ya kumi na nane umeme ulikatwa handakini, pampu ikanyamaza, maji yakaanza kurudi. Siku ya ishirini na mbili akaja wakala wa mwenye jengo, kijana wa suti na viatu vilivyochongoka, na vijana wawili vifua mbele.

"Mama, nimekuja kuchukua funguo zote. Na daftari la funguo. Ni mali ya mwenye jengo."

Mama Funguo alimhesabia funguo moja moja, polepole, kisha akamkabidhi daftari lililokuwa mezani. Wakala akalifungua, akaona sahihi za wiki ile, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuuliza kama lina kaka yake. La zamani, lenye mwezi wa tatu, lilikuwa chini ya ndoo aliyoikalia Mama Funguo, limefungwa kwa nailoni. Walipopotea kwenye kona, aliinua ndoo, akalipangusa vumbi. Ndipo alipojua kwamba ameshaamua. Mtu hafichi kitu kwa moyo wake wote halafu asikitumie.

Kikao cha kamati ya mipango miji, kilichoombwa na msanifu, kilifanyika siku ya ishirini na sita. Mhandisi alizungumza kwanza, kwa utulivu, akionyesha picha za vipande vya zege vilivyosagika. Msanifu alifuata. Alieleza kuhusu kivuli, upepo na ngazi isiyo na nguzo katikati, akasema mji ukifuta kila ukurasa wake hautajisoma tena. Wajumbe wawili walikuwa wanatazama simu. Kisha mwenyekiti, mzee mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akauliza kama yupo mwingine.

Mama Funguo alisimama. Alitoa daftari ndani ya nailoni, akasema tarehe, akasema maji, akasema ufunguo uliotoka na ule ambao haukutoka.

"Sahihi hii ni ya nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni ya mdogo wangu. Tumbo moja."

"Unaelewa unachosema, mama?"

"Ningekuwa sielewi, ningekuja siku ya kwanza."

Mhandisi aliinuka, akatabasamu. "Mheshimiwa, hili ni daftari la mfagiaji. Yeyote anaweza kuandika chochote humu."

"Basi tusibishane na daftari," mwenyekiti alisema. "Ukitoboa nguzo unaacha tundu. Kesho asubuhi tukayaangalie hayo matundu."

Asubuhi ile gari la zimamoto liliegeshwa kati ya nguzo, mpira wake mnene ukaingizwa handakini. Maji yalikuwa meusi, yamefika ngazi ya nne. Wajumbe, wapangaji, mhandisi na wakala wote walibanana kwenye ngazi nyembamba, tochi mkononi. Pampu ikaanza kunguruma, maji yakaanza kushuka, kidole kwa kidole.

Hapo ndipo hofu mpya ilipomwingia Mama Funguo, hofu ambayo hakuwa ameihesabu. Miguu ya nguzo zile hakuwahi kuitazama kwa makini. Miaka yote ilikuwa nyuma ya makabati mabovu na mabaki ya milango. Vipi kama kweli zimeoza? Vipi kama amemtosa mdogo wake kwa ajili ya jengo litakalokuja kuwafunika watu? Alishika ukuta. Msanifu, kando yake, alikuwa anauma midomo bila kujijua.

Maji yalifika magotini. Tochi zikapita juu ya nguzo ya kwanza: zege limekaza, alama za mbao za kumiminia bado zinaonekana. Halina tundu. Ya pili, haina tundu. Ya tatu, mtu akaguta. Upande wa ukutani zege lilikuwa limebanduka, upana wa sahani, na nondo mbili zenye kutu zimechungulia nje.

"Si mnaona?" mhandisi alidakia. "Si mnaona wenyewe!"

Lakini mwenyekiti alikuwa ameshavua viatu. Alikunja suruali, akaingia majini, akaizunguka nguzo ile akiipapasa kwa kiganja, kisha ya nne, ya tano, ya sita. Alirudi amelowa hadi magotini.

"Kutu nimeiona," alisema. "Hiyo itibiwe. Nilichokuja kutafuta ni matundu sita. Mheshimiwa mhandisi, nionyeshe hata moja."

Mhandisi alizima tochi yake. Wakala alikuwa ameshapanda ngazi, anapiga simu.

Notisi iliondolewa juma lile. Wapimaji kutoka chuoni walizipima nguzo upya mbele ya mashahidi: tano nzima, moja ya kutengenezwa. Kibanda cha tenki ndicho kilichobomolewa. Ilichukua karibu mwaka kabla Mzinga haujaandikwa kati ya majengo ambayo mji hauruhusu yaguswe bila kibali, na katika mwaka huo daktari wa meno alihama, mama wa cherehani naye akahama. Mama Funguo alisimamishwa kazi miezi miwili, kisha akarudishwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kufungua ghorofa ya tano.

Mdogo wake alifukuzwa siku ya pili baada ya handaki kukaguliwa. Mhandisi aliandika kwamba fundi sampuli alichanganya lebo kwa uzembe. Mama Funguo alikwenda kwake jioni hiyo hiyo, wifi yake akasimama mlangoni bila kufungua vizuri.

"Wifi, leo usiingie. Nakuomba."

Alirudi mara tatu zaidi. Mara zote mlango ulikuwa na jibu moja. Nyumbani kwa mama yao walipishana kama wageni, mmoja akifika mwingine anaaga, na mama mtu, ambaye macho yalikuwa yamefifia lakini masikio hayajambo, alikuwa anauliza kwa nini wanae siku hizi wanakuja kwa zamu kama walinzi.

Mwezi wa tano tangu afukuzwe, msanifu alimpigia Mama Funguo simu. Kamati ilikuwa imepokea barua. Mdogo wake alikuwa ameandika, kwa mkono wake na jina lake, nani alimtuma paani, saa ngapi, na aliambiwa nini alipouliza. Barua ile ndiyo iliyomvua mhandisi muhuri wake wa kazi. Hakuna aliyemlazimisha kuiandika, na dada yake hakuwa amemwambia neno.

Mdogo wake alikuja Mzinga wiki mbili baadaye, saa kumi jioni, ametoka kwenye kazi yake mpya ya kuchimba visima, buti zimejaa udongo. Hakusalimia. Alisimama katikati ya nguzo, akatazama juu kwenye matofali ya matundu, mahali mwanga ulipokuwa unapita vipande vipande.

"Mama anasema Jumapili twende pamoja," alisema. "Amechoka na zamu."

"Tutakwenda," Mama Funguo alijibu.

"Bado nina hasira na wewe, dada."

"Najua. Kuwa nayo."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta buti zake kwenye zulia la mlangoni, moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile akaingia ndani.