Mbwa Alitafuna Nyumba ya Mke Mwenzangu

Mume wetu alipochukuliwa kutengeneza barabara ya Kabambare, kazi ya Leta, yaani serikali, ambayo hakuna mwanamume aliyeulizwa kama anaitaka, alituachia mbwa wake wa kuwindia. Tulibaki wake wawili, mimi mkubwa na yule mdogo, kila mmoja na nyumba yake katika ua mmoja. Kumlisha mbwa, nilimlisha mimi. Ukoko wa ugali, vichwa vya samaki, hata maji, vyote vilitoka mkononi mwangu, maana mwenzangu alikuwa na kazi kubwa ya kujipaka mafuta.

Haukupita muda, mbwa akaanza kutafuna. Alianza na mguu wa kiti kilichokuwa nyumbani kwa mwenzangu. Akaja kwenye ukingo wa mkeka wake, kisha kibuyu cha maji. Mimi nilikuwa mlangoni pangu natwanga sombe ya majani ya muhogo, nikimsikia mwenzangu akimfukuza na kulalamika. Nilifurahi, kwa nini nifiche? Nilimwonea wivu tangu siku alipoingia ua ule na vicheko vyake. Kwangu mbwa hakugusa hata ufagio.

Kwetu mbwa wa mwindaji anaheshimiwa. Akikataa njia, mwindaji anarudi nyumbani bila kuuliza, kwa sababu mbwa huona ubaya ambao watu hawauoni. Basi nikasema, huyu ameshauona. Nikabeba kile kiti hadi kwa mama mkwe, aliyekuwa akibambua karanga na wanawake wengine. Nilitaka jambo moja tu: yule binti arudishwe kwao, huko Wamaza, kabla mume hajarudi.

"Mama, imbwa imemukataa," nikasema. "Ule mwanamuke iko na kitu mubaya ndani ya nyumba yake."

Mama mkwe alikuwa mjane wa mwindaji. Akakigeuza kiti, akapitisha kidole kwenye alama za meno.

"Nani anaikalaka hapa?"

"Bwana yetu."

"Na ule mukeka, nani analalaka pale? Kibuyu, nani anakunywaka?"

Akanirudishia kiti mikononi.

"Mwanangu, imbwa haikatae mutu. Kama ingekuwa ingali mutoto, ningesema meno inaota. Hii inatafuta bwana yake. Pale harufu yake iko, ndipo inatafuna." Akarudia karanga zake. "Kwako imetafuna nini?"

Wanawake wakaacha kubambua. Mmoja akakohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa.

Zamu zangu mume alizitimiza, hakuna wa kumlaumu. Lakini aliingia kwangu giza likishaingia, akalala, akatoka alfajiri. Kula, kukaa, kunoa mkuki, kusimulia mawindo, yote aliyafanyia kwa yule. Mimi nilikuwa nahesabu zamu, kumbe mbwa alikuwa anahesabu mume.

Nilikirudisha kiti mahali pake. Kisha nikatoa mkeka ambao mume alilalia akiwa kwangu, nikautandika mlangoni, nikamwita mbwa kwa kipande cha samaki. Samaki alimla. Mkeka aliunusa taratibu, upande wangu na upande wa mume, mimi nimesimama nikimwomba moyoni: tafuna, hata uzi mmoja tu, tafuna.

Akavuka ua, akaingia kwa mwenzangu. Nikasikia meno yake kwenye kile kiti.