Kidonda cha Mama hakionyeshwi wageni

Jamani, nimechoka kutetea kichwa cha mama yangu.

Alizaliwa bila mshipa mmoja mkubwa wa shingo. Ule wa pili ukafanya kazi ya miwili miaka yote, mpaka ukatuna kama puto ndani ya ubongo.

Madaktari hawakupasua kichwa. Walipitisha mrija mwembamba kwenye kinena, ukapanda kwenye mshipa hadi juu, wakaziba ule uvimbe.

Sasa tuko nyumbani Buganguzi. Wageni wanakuja kutoa pole, wanatafuta bandeji, wanakuta nywele zimesukwa!

Leo ilikuwa zamu ya shangazi, kahawa ya kutafuna bado mdomoni:
"Waitu, ndugu zangu, mbona kichwa kizima? Tuonyesheni basi walipopasua."

Mume wangu, mkwe wa Mama, alikuwa amekaa palepale. Akainuka ghafla kwenda kukagua migomba.

Nikaeleza upya habari ya mrija. Shangazi akaguna tu.

Jioni namkuta Mama amechana shuka jeupe, anajizungushia kichwani.

"Mama, kinauma tena?"

"Hapana. Nataka waniamini, nipumzike."

Nimemsaidia kukaza fundo. Nyie mngefanyaje?