Asubuhi Ndege Iliponipita Juu

Kwa miaka minne nilimjua mratibu wa safari zetu kwa sauti tu. Yeye alikuwa Nairobi, katika ofisi ya kampuni ndogo ya ndege. Mimi nilikuwa mtu pekee wa kampuni hiyo katika kiwanja cha ndege cha Migori. Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya miwa, alinipigia simu na kuniuliza hali ya hewa. Nilimwambia mawingu yamekaa wapi, upepo unatoka upande gani, na kama njia ya kutulia ndege ni kavu. Yeye aliandika, akawatumia marubani. Niliipenda kazi hiyo ya kuitazama mbingu kwa niaba ya watu walio mbali. Asubuhi nyingine nilijiona kama ninaiota ile siku, naye anaiandika.

Kisha kampuni ikapunguza wafanyakazi. Katika zamu ya mratibu kule Nairobi walikuwa wanne, akabaki yeye peke yake. Mwenzangu wa Homa Bay, ambako ndege hutua kwanza kabla ya kuja kwetu, aliachishwa kazi, kiwanjani pale pakabaki bawabu wa lango tu. Redio ya mkononi niliyoitumia kuongea na marubani ilichukuliwa eti ikatengenezwe, isirudi. Simu za asubuhi nazo zikafupika.

"Migori, kuko sawa?"

"Sawa."

"Asante, dada." Na kukata.

Siku ninayoikumbuka, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipofika kiwanjani nilikuta maji yamekata njia upande wa mwisho, yakaacha tope na mawe. Nilivua viatu nikapima kwa miguu: hatua mia na ishirini. Nikampigia.

"Dada, mwisho wa njia kuna tope na mawe, hatua mia na ishirini hivi. Kipande kilichobaki hakitoshi ndege."

Nyuma yake nilisikia simu mbili zikilia kwa pamoja. "Nimekupata. Migori kumenyesha. Wacha nishughulikie hii nyingine."

"Si kunyesha tu—" Lakini alikuwa ameshakata.

Nilimpigia tena na tena. Laini ilikuwa na shughuli, na namba ya rubani sikuwa nayo. Abiria wangu sita walipofika, niliwaambia ndege itakawia, kwa kuwa niliamini itasubiri Homa Bay. Tukakaa kwenye benchi tukiutazama ukungu. Ng'ombe walikuwa wakilia mahali tusipopaona.

Ndipo nikasikia injini.

Nilikimbia hadi mwanzo wa njia, nikasimama ukingoni, nikavua kizibao changu cha manjano nikakipunga juu ya kichwa. Ndege ilitoka katika ule weupe polepole, magurudumu chini, kama kitu kinachoshushwa kwa kamba. Sikumbuki kelele yoyote. Nakumbuka harufu ya udongo, na mikono yangu, ambayo niliiona kama ya mtu mwingine. Nikaipishanisha kama msalaba juu ya uso wangu, ishara ya kumkataza rubani asitue, nikaiacha hapo.

Injini ikanguruma. Ndege iliinua pua, kivuli chake kikanipita mwilini kama nguo baridi. Ilizunguka juu ya miwa, ikaupitia upande wa tope kuuangalia, kisha ikarudi kaskazini, kuelekea Homa Bay.

Nilikodi gari, nikawapeleka abiria huko kwa njia ya Rongo. Karibu nami alikaa bibi mmoja aliyekuwa akienda kumwona daktari Nairobi.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, "ulikuwa ukiipungia ndege kwaheri?"

"Hapana, mama. Nilikuwa naizuia."

"Basi imekusikia," akasema, akalala.

Homa Bay tulimkuta kapteni, rubani wa ile ndege, amesimama chini ya bawa, simu mkononi.

"Ni wewe uliyesimama pale?"

"Ni mimi, Kapteni."

"Niliambiwa Migori kumenyesha. Basi, hayo tu. Siku hizi ofisi inaniandikia maneno mawili, kama mtu aliyenikasirikia."

"Si ofisi, Kapteni. Ni yeye peke yake."

"Peke yake vipi?"

"Tangu wenzake waachishwe."

Hakujua. Hakuna rubani aliyeambiwa. Alimpigia mratibu na kuweka spika ili nami nisikie. Mratibu hakungoja hata salamu.

"Kapteni, karatasi ninayo hapa. Niliandika hatua mia na ishirini. Nilikuwa naenda kukutumia yote, ndege ya Lodwar ikanipigia, halafu..." Karatasi ikachakacha. "Na nilidhani hamsomi ninachotuma. Hakuna anayenijibu siku hizi."

Kapteni alivua kofia, akatazama upande wa ziwa. "Sisi tulidhani hutaki kuulizwa," akasema. "Umekula leo?"

"Bado."

"Kula kwanza. Tutasubiri."

Tukasubiri, abiria wakiwa kivulini mwa bawa, bibi yule akisinzia tena. Baadaye wakaondoka salama.

Kuanzia hapo kapteni hakuwasha injini Homa Bay kabla ya kunipigia mimi mwenyewe. Na sote watatu tulikubaliana kwamba anayeambiwa jambo alirudie kwa maneno yake, hata kama simu nyingine zinalia. Katika ripoti yake kapteni hakumlaumu mratibu. Aliandika kwamba mtu mmoja anafanya kazi ya watu wanne. Ilichukua miezi, lakini mmoja wa wale walioachishwa aliitwa arudi.

Hofu yenyewe ilinijia siku ya tatu baada ya asubuhi ile, nikianika nguo nyumbani. Niliketi kwenye nyasi, shuka mbichi mapajani, nikampigia mratibu bila kujua nitamwambia nini. Siku hiyo meneja wa kampuni mwenyewe alikuwa ameshika zamu ya ofisini. Mratibu alikuwa kwake, mapumziko yake ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Kuna nini, dada?" akauliza.

"Hakuna kitu. Ninatetemeka tu."

"Hata mimi," akasema.

Hatukukata simu. Kwake nilisikia maji yakichemka na mtoto akiimba chumba cha pili, na kwangu upepo ulikuwa ukizivuta nguo kwenye kamba.