Mraba wa Buluu

Wizara ilitamka rasmi kwamba kuanzia muhula huu kila mtoto nchini atafundishwa jinsi mvua na ukame vinavyoongoza maisha ya jamii, na kwamba hakuna hata mmoja atakayelikosa somo hilo. Mwalimu Mawingu, kama wanafunzi walivyombatiza, alilipokea tamko kwa mikono miwili. Somo lenyewe alikuwa akilifundisha tangu ujana wake, na darasa lake la sita lilikuwa limelielewa vizuri mno: mvua ilipokata, wazazi waliacha mashamba wakahama na watoto wao, mpaka akabaki binti wa fundi cherehani peke yake.

"Watoto, kaeni," mwalimu aliendelea kusema kila asubuhi. Ulimi ulikuwa umezoea.

"Tumekaa, mwalimu," binti alijibu, asimwangushe.

Jioni mwalimu alirudi chumbani kwake nyuma ya shule, akainjika kisufuria, akazungumza na redio. Redio haikuwa na adabu ya kumjibu.

Kazi ya binti ilikuwa kusoma chombo cha kupimia mvua uani, kisha kupaka mraba wa siku kwenye chati ya ukutani: buluu kama imenyesha, kijivu kama haikunyesha. Penseli ya kijivu ilikuwa imebaki kipande. Ya buluu ilikuwa bado ndefu.

Asubuhi moja aliingia mbio. "Mwalimu, mvua! Milimita kumi na mbili!"

Mwalimu alitazama nje. Vumbi lilikuwa limetulia mahali pake pa kawaida.

"Imenyesha saa ngapi, mwanangu?"

"Labda ulikuwa umelala fofofo, mwalimu."

"Na nguo zangu kambani, nazo zililala fofofo?"

Binti aliangalia viatu vyake. Chupa yake ya maji ya kunywa ilikuwa tupu.

"Baba amesema wateja wake wote ni wakulima, na wakulima wamekwisha. Ikipita wiki hii bila mvua, Jumamosi tunahama. Si wewe mwalimu uliyesema watu huhama mvua ikikosekana?"

"Ni mimi."

"Basi nimefanya isikosekane."

"Baba yako ana macho, mama."

"Anaamini chati yako kuliko macho yake."

Hilo lilikuwa kweli. Mwalimu aliishika penseli ya buluu. Mraba mmoja tu, na Jumatatu angekuwa na mtu wa kumwambia kaeni. Aliizungusha vidoleni, akairudisha koponi, akapaka kijivu kwa mkono wake mwenyewe. Binti aligeuza uso.

Jioni fundi alisimama kwenye dirisha la darasa, kama kawaida yake, sindano kifuani.

"Bado, mwalimu?"

"Bado, fundi."

"Haya."

Jumamosi walihama, cherehani juu ya mkokoteni. Jumatatu gari la Wizara lilishusha kasha la vitabu vipya vya somo hilo, kila mwanafunzi na nakala yake. Mwalimu alitia saini ya kuvipokea, kisha akaenda uani kukisoma chombo mwenyewe.