Sweta Lisilo na Mwenyewe

Wanafunzi walimwita Bibi Stoo, naye alikwishasahau kulikasirikia jina hilo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko la shule: chaki, mafagio, na kabati la vitu vilivyookotwa. Sweta likikaa humo muhula mzima bila kudaiwa, alilifua, akalishona palipotoboka, kisha akamwita mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa na pa kuishi. "We msahaulifu, njoo uchukue sweta lako!" Mtoto alielewa, akapokea, akaondoka kifua mbele.

Mpaka alipokuja msichana wa darasa la tano. Yeye na mama yake walikuwa wakilala barazani kwa fundi viatu. Kesho yake kulikuwa na ukaguzi wa sare, na asiye na sweta angerudishwa nyumbani. Mara ya mwisho aliporudishwa, kwa kuwa nyumbani hakukuwepo, alizunguka mitaani wiki nzima. Nusura asirudi tena.

"Chukua sweta lako, mjukuu wangu."

"Si langu, Bibi. Mimi sijawahi kuwa na sweta."

Wenzake wawili waliokuja kuchukua chaki wakageuka. Bibi Stoo akalikung'uta lile sweta. Miaka yote alikuwa amejiandaa kwa aibu ya watoto, si kwa ukweli wao.

"Basi nisaidie kumtafuta mwenyewe," akasema. "Ila livae. Likirudi kabatini nondo watalimaliza."

Asubuhi, mwalimu wa zamu akasimama mbele ya msichana.

"Sweta la nani hilo? Mbona limekumeza?"

"Sijui, mwalimu. Bibi Stoo kanituma nimtafute mwenyewe. Wewe humjui?"

Mwalimu akatupa jicho kwenye dirisha la stoo. Bibi Stoo alikuwa akihesabu mafagio yake manne kwa mara ya tatu.

"Simjui," mwalimu akasema. "Ingia darasani, uanzie humo."

Msichana alitafuta kweli, dawati kwa dawati, hadi wenzake wakambandika jina la Askari. Siku ya kufunga shule akalileta limefuliwa, limekunjwa vizuri.

"Hajapatikana, Bibi."

Bibi Stoo akampima nalo mabegani. Mikono ilikuwa imeanza kumtosha.

"Muhula mmoja tu umechoka? Nenda nalo. Tukifungua, siku ya kwanza, nataka ripoti."

Likizo ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Siku ya kwanza, kabla ya kengele, mlango wa stoo ukagongwa.

"Bado, Bibi," ikasema sauti ya nje. "Lakini kuna wanafunzi wapya. Naanza na hao."